Mandazi ya Mama ni Historia ya Kwetu Pia

Leo sileti mapishi, naleta maoni. Na maoni yangu ni haya: karai la mandazi la mama yako ni sehemu ya historia ya Kitale na Bungoma, sawa kabisa na reli, mashamba ya walowezi na kiwanda cha sukari. Ukiliacha nje, hiyo historia ingine yote haijakamilika.

Nasema hivi kwa sababu kuna maneno nayasikia sana siku hizi, kwa chama, kwa matanga, hata ndani ya matatu ya Kitale kwenda Bungoma. Ati mandazi, chapati na hafukeki si vyakula vyetu. Ati akina mama wa leo tumeharibiwa na vitu vya kuletwa, turudi kwa wimbi, viazi vitamu na mushenye. Sasa mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Kitale, kwetu ni Bungoma, na uji wa wimbi hauishi kwangu. Sina ugomvi na wimbi. Lakini hilo swali la "chakula chetu ni kipi" ni swali la historia, kwa hivyo tulijibu kwa historia.

Tuanze na ugali wenyewe

Wazee wa Babukusu walikula busuma ya wimbi na mtama. Wimbi wanaita bulo. Mahindi yalikuwa yameshaingia kidogo kidogo mwishoni mwa karne ya 19, lakini kutawala sahani yetu yalitawala karne ya 20. Mwaka 1919, baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, serikali ya kikoloni ilianza mpango wa kuwapa ardhi wanajeshi Wazungu waliotoka vitani, na Trans Nzoia ikawa moja ya sehemu zilizogawiwa kwa wingi. Nyanda hizi zikageuzwa mashamba ya mahindi. Tawi la reli kutoka upande wa Eldoret lilifika Kitale 1926, mahindi yakapata njia ya kutoka. Halafu 1956 Kenya Seed Company ikaanzishwa hapa hapa Kitale, na 1964 ikatoka mbegu ya kwanza ya mahindi chotara, H611.

Kwa hivyo ule ugali mweupe tunaouapia kwamba ni wa mababu, umri wake kwa meza yetu haujapita sana ule wa mandazi. Hao ni watu wa rika moja. Kama mandazi ni mgeni, ugali wa mahindi nao ni mgeni, na hakuna mtu amewahi kumwambia Mbukusu arudishe ugali alikoutoa.

Vitu vilivyo ndani ya karai

Neno mandazi ni la Kiswahili cha pwani, linatokana na kuandaa. Pwani wana mahamri yao ya tui la nazi na iliki. Huku kwetu nazi iko wapi? Kwa hivyo tunakanda na maziwa, na mwezi ukiwa mbaya tunakanda na maji tu.

Watu wa pwani walifika Magharibi kabla ya reli. Misafara ya biashara ilipitia kwa Nabongo Mumia, na Mzungu msafiri Joseph Thomson alipita huko 1883 akifuata njia ambayo wafanyabiashara wa pwani walikuwa wanaijua tayari. Mumias ina Waislamu wake na Kiswahili chake hadi leo. Sidhani hao watu walitembea safari yote hiyo halafu wakayaacha mapishi yao njiani.

Chapati tuliipata kwa Wahindi. Reli ya Mombasa hadi Kisumu ilijengwa kati ya 1896 na 1901, na vibarua zaidi ya 30,000 waliletwa kutoka India. Wengi wao walirudi kwao, lakini wafanyabiashara wa Kihindi walifuata reli wakifungua maduka. Baadaye njia ingine ikapita Eldoret, ikashuka Broderick Falls, yaani Webuye ya leo, ikapita Bungoma na Malaba, mwisho ikafika Kampala 1931. Stesheni zikavuta maduka, na kwa duka kulikuwa na chumvi, majani chai, sukari na unga wa ngano.

Kila kitu katika hiyo orodha kina safari yake. Chai ilipandwa Limuru 1903, na kampuni kubwa zikaingia Kericho miaka ya 1920. Lord Delamere alihangaika na ngano kule Njoro, na kampuni ya Unga ikaanzishwa 1908. Kiwanda cha kwanza cha sukari nchini kilijengwa Miwani, karibu na Kisumu, 1922. Hebu sikiliza hata maneno yenyewe: sukari na hamira ni Kiarabu, chapati na karai ni Kihindi, keki ni Kiingereza, unga ni wa Kibantu. Mama akisema "nipatie karai, unga umeumuka," amepitia India na kurudi kwa mababu kabla hajawasha moto.

Nani aliyafanya yakawa yetu?

Hapa ndipo vitabu vinanyamaza. Vinataja Delamere, vinataja reli, vinataja gavana. Lakini unga kufika kwa duka hakuufanyi kuwa chakula. Mtu alilazimika kuununua kwa pesa kidogo, kuukanda, kuharibu mara ya kwanza, na kujaribu tena mpaka watoto wakubali.

Fikirieni hali yenyewe. Sheria ya vibarua wakazi ya 1918 ilimtaka Mwafrika anayeishi kwa shamba la mlowezi amfanyie kazi angalau siku 180 kwa mwaka. Familia nyingi kutoka upande wa Bungoma ziliishi hivyo Trans Nzoia: baba shambani, mama kupalilia na kuvuna, watoto kuchunga. Jikoni kwa mzungu mpishi mara nyingi alikuwa mwanamume wetu, akiitwa "boi" hata akiwa na mvi. Huyo alijua keki, alijua skonzi, alijua oveni. Akirudi kwake kwa nyumba ya nyasi, oveni hakuna. Kuna mafiga matatu na sufuria.

Mimi hapo ndipo naielewa hafukeki. Ni keki ya mtu asiyekuwa na oveni: unga uliotiwa sukari, ukakatwa vipande, ukazamishwa kwa mafuta moto mpaka ukapasuka mgongo. Mandazi vilevile. Chapati inataka kikaango tu na mikono isiyoogopa moto. Kati ya vitu vyote vya ngano vilivyokuja na reli, vile vilivyoshika kwetu ni vile ambavyo mama angeweza kuvipika kwa kuni. Mkate wa oveni tuliuachia duka. Huo ulikuwa uchaguzi, na waliouchagua ni wanawake.

Ni kweli pia kwamba wakoloni walitaka kuwafundisha mama zetu namna ya kuwa "mama bora." Maendeleo ya Wanawake ilianza 1952, wakati wa Hali ya Hatari, ikiongozwa kwanza na Wazungu, na kwa vilabu vyake wanawake walifundishwa kushona, usafi, malezi na mapishi. Serikali ilikuwa na sababu zake za kisiasa, tusijidanganye. Lakini 1958 Phoebe Asiyo akawa Mwafrika wa kwanza kuiongoza, na akina mama waliokuwa wakikutana kwa somo la mapishi wakaendelea kukutana kwa mambo yao. Chama chako cha Jumapili kina damu hiyo.

Na huu wito wa kurudi kwa vya kwetu si mpya. Miaka ya 1940 Elijah Masinde na Dini ya Msambwa waliutoa hapa hapa, na serikali ikamfunga na kumpeleka mbali hadi Lamu. Lakini kilichomuuma Masinde kilikuwa ardhi iliyochukuliwa, kazi ya kulazimishwa na mababu kudharauliwa. Hayo ni maumivu ya maana. Kumgombeza mama kwa sababu amekaanga mandazi ni kukosa shabaha.

Mandazi na karo

Baada ya uhuru mashamba mengi ya walowezi yaligawanywa, na watu kutoka Bungoma walichanga pesa wakanunua ardhi upande wa Trans Nzoia. Ndio maana leo ukipanda matatu ukipita Kiminini na Kamukuywa, nusu ya gari wana mjomba Kitale na kukhu Bungoma. Kiwanda cha sukari cha Nzoia kilianzishwa 1975, kikaanza kusaga miwa 1978, na sukari ikawa kitu kinachotoka nyuma ya nyumba. Mwaka uliofuata Rais Moi alianzisha maziwa ya shule, yale ya Nyayo. Ongea na mtu yeyote aliyesoma miaka hiyo uone atakavyotabasamu.

Halafu mambo yakabana. Wazazi wakaanza kubebeshwa gharama zaidi za shule na hospitali, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 serikali ikaachia bei za vitu kama unga na sukari zipande na kushuka zenyewe. Zilipanda. Elimu ya msingi ya bure ilikuja 2003. Katikati hapo, nani alilipa?

Kwetu alilipa mama na karai lake. Alikuwa anaamka saa kumi usiku kukanda. Paketi moja ya unga ya kilo 2 ilimpa mandazi 50 na kitu, kulingana na mkono. Aliandika hesabu nyuma ya daftari la shule la kaka yangu: unga, sukari, mafuta, kuni, nani amekopa, nani amelipa. Sukari ikipanda hakupandisha bei ya mandazi, aliyapunguza ukubwa, kwa sababu alijua mteja anahesabu shilingi kabla hajahesabu kuuma. Hayo ni mambo ya uchumi, na hakuna aliyemfundisha darasani.

Lile daftari halipo tena. Kurasa ziliisha moja moja kuwashia jiko. Nikiliwaza naumia, na si kwa ajili ya huruma tu. Ndani yake kulikuwa na bei za Bungoma za miaka yote hiyo, zimeandikwa na mtu aliyezilipa. Hakuna ofisi iliyoziandika kwa karibu vile. Na zidisha huyo mama mmoja kwa kila mama aliyewahi kukaa na beseni kando ya stendi, Chwele, Kimilili, Webuye, Kitale. Hiyo ni maktaba nzima tumeichoma tukichemsha chai.

Hata leo inaendelea

Msidhani historia hii imefika mwisho. Kile kitafunio kigumu cha mraba tunachokiita KDF, jina lake haliwezi kuwa na umri zaidi ya Katiba ya 2010, kwa sababu kabla ya hapo jeshi letu halikuitwa hivyo. Wanajeshi wakaingia Somalia Oktoba 2011, na muda si muda jina la jeshi likawa liko kwa kabati la kioo la kibanda, shilingi kumi. Watu husema ni kwa sababu ya ugumu wake. Mtu fulani, na nina hakika alikuwa nyuma ya kibanda, alisikiliza habari asubuhi akaibadilisha kuwa biashara. Hatumjui jina.

Hilo ndilo linalonisumbua. Binti yangu ana miaka sita, juzi aliniuliza nani alitengeneza mandazi ya kwanza. Ningeweza kumtajia aliyeanzisha kampuni ya unga. Ningeweza kumtajia gavana. Lakini mwanamke wa kwanza wa Bungoma aliyeshika unga wa ngano, akautazama, akasema "hii naweza," huyo sina jina lake. Tukisema historia tunafikiria jiwe la kusagia na kibuyu, na ni sawa vihifadhiwe. Karai jeusi nalo litafika huko siku moja, ila likifika bila maelezo litakuwa chuma tu.

Kwa hivyo nina ombi. Kama mama yako yuko, au kukhu wako, muulize mambo manne wiki hii. Chapati ya kwanza aliionja lini na kwa nani? Nani alimfundisha kukanda? Unga ulitoka duka la nani? Na mandazi yake yalilipa nini, karo, ng'ombe, mabati, dawa? Usimuulize kwa haraka. Kaa naye akiwa anapika, wamama wetu huongea vizuri mikono ikiwa na kazi. Rekodi kwa simu, halafu andika kwa karatasi pia, kwa sababu simu huibiwa.

Na ukimsikia mtu akisema mama yake "anauza tu mandazi," mwambie hilo neno "tu" aliondoe.