Pigo la Saa Ndani ya Kompyuta

Nilipokuwa katika mazoezi ya ualimu huko Endebess, chini ya Mlima Elgon, kengele ya shule yetu ilikuwa kipande cha reli kilichoning'inizwa mtini. Kijana mmoja, ambaye ndiyo kwanza atoke shule ya msingi, aliagizwa na babake awe langoni saa nne kasoro robo, wapande gari la kwenda Kitale. Masomo yalianza saa mbili. Kijana akahesabu vipindi vitatu kwa mapigo ya reli, akatoka mbio. Gari lilikuwa limekwenda zake robo saa nzima. Kule alikotoka kipindi kilikuwa dakika 35. Kwetu kilikuwa dakika 40.

Msomaji, usimcheke. Kuhesabu alihesabu sawasawa. Alilokosa ni kuuliza urefu wa kipindi, na kosa hilo hilo limewapata mabingwa wa kompyuta kwa miaka mingi.

Ndani ya kompyuta mna programu kuu, iitwayo kiini cha mfumo endeshi, igawayo kazi kwa programu nyingine zote. Kiini hiki hugutushwa na saa ya mtambo mara kwa mara, nacho huhesabu kila pigo. Programu ikiuliza imetumia muda gani, kwa desturi ya zamani hujibiwa kwa idadi ya mapigo: labda 6,000. Je, 6,000 ni dakika ngapi? Hapo ndipo penye fumbo.

Mwaka 1969, katika maabara ya Bell huko Marekani, Ken Thompson na Dennis Ritchie walianza kutunga mfumo wa Unix. Katika mashine yao ya PDP-11 pigo la saa lilitokana na umeme wa ukutani, ambao Marekani huenda na kurudi mara 60 katika kila sekunde. Basi watu wakaiandika 60 ndani ya programu zao kana kwamba imeshuka kutoka mbinguni. Lakini umeme wa Kenya, kama ule wa Uingereza, huenda mara 50. Programu yenye 60 tumboni, ikiwekwa penye mapigo 50, huihesabu saa nzima kuwa dakika 50 tu. Nayo haina habari ya kuwa imekosea.

Dawa ilipatikana katika kanuni za POSIX za mwaka 1988: programu isikisie, bali iulize kwa mwito uitwao sysconf. Lakini kanuni ni jambo moja na desturi ni jingine. Linus Torvalds alipotoa Linux mwaka 1991 huko Helsinki, kiini chake kilipiga mara 100 kwa sekunde katika mashine za kawaida; baadaye, katika mashine za Alpha, kikapiga mara 1,024. Wengi wakaichonga 100 kama wenzao walivyoichonga 60.

Watunzaji wa programu ya ps, ionyeshayo kazi zinazoendelea ndani ya mashine, walibuni hila ambayo mimi huipenda sana. Walisoma sekunde zilizopita tangu mashine iwashwe, wakasoma na jumla ya mapigo, wakagawanya, kisha wakachagua namba ijulikanayo iliyo karibu na jibu. Ni kama mwanafunzi aipimaye kengele kwa kivuli cha mti. Taabu ni kwamba mashine yenye vichwa viwili huhesabu mapigo maradufu, na hilo nalo likabidi likumbukwe.

Mwishoni mwa 2003 likatoka toleo la 2.6, na katika mashine za kawaida pigo likawa 1,000 kwa sekunde. Fikiri sasa: mwenye 100 tumboni angeona kazi ya dakika sita kuwa imechukua saa nzima! Kwa ajili hiyo kiini kikawa na ndimi mbili. Ndani kilipiga 1,000. Nje kiliendelea kutoa hesabu kwa mapigo 100, kikigawanya chenyewe. Tena kila programu ianzapo, kiini huiwekea furushi dogo la habari, na namba hiyo imo. Shuleni kwetu nako, baada ya mkasa wa yule kijana, mwalimu wa zamu alitundika kibao chini ya reli: DAKIKA 40.

Mwaka 2005 mjenzi wa kiini aliruhusiwa kuchagua 100, 250 au 1,000, na 250 ikawa ndiyo ya kawaida. Programu za nje hazikusikia lolote. Ziliendelea kuambiwa 100. Simu za Android, ambazo utaziona mikononi mwa watu katika soko la Kitale, zimejengwa juu ya kiini hicho hicho. Na tangu 2007, mashine isiyo na kazi huweza kunyamaza isipige kabisa, ili isile umeme bure, kisha iamkapo hutazama saa nyingine na kujaza mapigo yaliyopita.