Ndege Isiyobaki Hata Bawa

Ndege za Short Empire zilizoundwa Uingereza zilikuwa 42, na leo haipo hata moja. Nyingine zilianguka, nyingine ziliharibiwa vitani, na zilizopona zikaishia kukatwa vyuma chakavu. Anayetaka kuirusha sasa hana budi kuijenga upya ndani ya kompyuta, iwe ndege ya nyongeza kwenye programu ya kuigiza urubani.

Ilikuwa ndege yenye tumbo la mashua. Kuanzia 1937 shirika la Imperial Airways lilizituma kutoka Southampton hadi Durban, zikitua majini njia nzima: Mto Nile, Port Bell, Kisumu, kisha Mombasa, Dar es Salaam na Lindi. Ndiyo, Lindi.

Umbo la nje halimsumbui sana mjenzi. Michoro na picha zipo, na vipimo vinajulikana: mabawa karibu mita 35 kutoka ncha hadi ncha, urefu kama mita 27. Kwa ndani anaweza kumtazama binamu yake wa kijeshi, Sunderland, aliyehifadhiwa katika makumbusho ya Hendon, London. Hata mlio unapatikana, maana injini za Bristol Pegasus bado zinanguruma kwenye ndege za zamani aina ya Swordfish. Rangi ndiyo kazi, kwa kuwa picha nyingi ni nyeusi na nyeupe.

Maji ni kazi kubwa zaidi. Chini ya tumbo kuna kidato. Ndege ikianza kukimbia huwa imezama, inalima maji, na injini zote nne zinahangaika, mpaka inyanyuke na kuteleza juu ya kidato hicho. Hapo tu ndipo inapoweza kupaa. Katika programu nyingi za zamani maji yalikuwa sakafu tu iliyopakwa buluu. Mjenzi huchezea namba za msuguano hadi rubani wa mezani aanze kuhisi uzito, na kwangu mimi kipimo cha kazi nzima ni hapo.

Maana uzito huo uliwahi kuwagharimu watu. Machi 1939, ndege ya Empire iliyoitwa Corsair, yenye usajili G-ADVB, iliondoka Ziwa Victoria kuelekea Juba. Chombo cha redio cha kuonyesha mwelekeo kikaipoteza. Mafuta yalipokaribia kuisha, rubani akaitua kwenye Mto Dungu, karibu na Faradje, katika Kongo ya Wabelgiji. Ikagonga mwamba, tumbo likatoboka, ikakaa kwenye matope.

Mafundi waliletwa, wakaitengeneza. Ilipojaribu kupaa ikagonga mwamba tena. Mto ulikuwa mwembamba na maji hayakutosha, basi ikaamuliwa maji yapandishwe: ukajengwa ukuta wa kuzuia mto. Waliofanya kazi hiyo walikuwa vibarua wa Kikongo, na makazi yaliyozuka pale yakaitwa Corsairville, kwa jina la ndege. Januari 1940, Corsair ikapaa ikaenda zake. Katika masimulizi niliyoyasoma, kila Mwingereza ana jina na cheo. Vibarua ni kundi.

Kwenye kompyuta, mkasa huo ni mibofyo michache. Unaiweka ndege Faradje, unapunguza mafuta, unasukuma gesi. Ukigonga ukingo, unaanza tena sekunde hiyohiyo. Mto wenyewe ni wa leo, umechorwa kutokana na picha za setilaiti, kwa hiyo unajaribu kupaa kwenye maji ambayo hakuna aliyeyapandisha.

Mandhari nayo hujengwa kama ndege inavyojengwa: ukuta, kambi, barabara, kimo cha maji cha Januari ile. Wajenzi wenye subira ya kuhesabu ribiti za bawa moja baada ya nyingine wapo. Mimi ningeanza na ule ukuta.