Kutoka Takwimu za Umma hadi Hukumu ya Mtu: Historia ya Uwiano wa Uzito na Urefu

Utangulizi

Mtu mzima anapohudhuria kliniki ya kisukari au ya shinikizo la damu, aghalabu hupimwa uzito na urefu, kisha uzito wake kwa kilogramu hugawanywa kwa kipeo cha pili cha urefu wake kwa mita. Mwenye kilogramu 70 na urefu wa mita 1.75 hupata 22.9, naye huambiwa kuwa uzito wake ni wa kawaida. Mwenzake wa urefu uleule na kilogramu 78 hupata 25.5, naye huambiwa kuwa amezidi. Uwiano huu, unaofahamika zaidi kwa kifupi cha BMI, huchukuliwa kana kwamba mipaka yake imo katika maumbile yenyewe. Makala haya yanaonesha kwamba kipimo hiki kilibuniwa ili kueleza umma, si kumhukumu mtu mmoja, na kwamba mipaka yake iliwekwa na kamati mbalimbali kwa malengo yaliyotofautiana.

Chimbuko la kipimo

Adolphe Quetelet (1796–1874), Mbelgiji mzaliwa wa Ghent, alikuwa mwanafalaki na mwanatakwimu, wala hakuwa tabibu. Katika kitabu alichokichapisha mjini Paris mwaka 1835, alikusudia kumsawiri "binadamu wa wastani" kwa kutumia hesabu zilezile zilizotumiwa kupima nyota. Alibaini kuwa miongoni mwa watu wazima, uzito huongezeka takriban kwa kipeo cha pili cha urefu. Hilo lilikuwa elezo la mwenendo wa kundi. Quetelet hakulihusisha na unene wala maradhi.

Suala la unene na vifo liliibuliwa na biashara ya bima ya maisha nchini Marekani. Kampuni ya Metropolitan Life ilitoa majedwali ya uzito unaofaa katika miaka ya 1940, ikayarekebisha mwaka 1959. Majedwali hayo yalitokana na kumbukumbu za wateja wa bima, yaani watu waliomudu kuinunua, na yaliwagawa watu kwa ukubwa wa umbo bila kuweka njia thabiti ya kuupima.

Ni udhaifu huo uliomsukuma mwanafiziolojia Ancel Keys wa Marekani na wenzake kutafuta kipimo mbadala. Mwaka 1972 walichapisha uchunguzi wa wanaume zaidi ya 7,400 kutoka Marekani, Finland, Italia, Japani na Afrika Kusini. Walilinganisha fomula kadhaa na unene wa mikunjo ya ngozi, wakahitimisha kuwa ile ya Quetelet haikuzidiwa na nyingine, nao ndio walioipa jina linalotumika leo. Wanawake hawakuwamo katika uchunguzi huo, na lengo lake lilikuwa kulinganisha makundi ya watu.

Jinsi mipaka ilivyowekwa

Mpaka wa chini na ule wa juu havina asili moja. Kiwango cha 18.5 kilipendekezwa mwaka 1988 na James, Ferro-Luzzi na Waterlow, waliokuwa wakitafuta namna ya kutambua upungufu sugu wa nishati kwa watu wazima. Kwa hiyo kilitokana na mjadala wa njaa. Kwa upande wa juu, Marekani ilikuwa ikitumia 27.8 kwa wanaume na 27.3 kwa wanawake, viwango vilivyokokotolewa kutokana na uzito wa vijana wake wa miaka 20 hadi 29. Mwaka 1998 iliviacha na kufuata 25, kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani lilikuwa limekipendekeza pamoja na 30 kwa unene uliokithiri. Mamilioni ya Wamarekani walihesabiwa kuwa na uzito uliozidi bila kuongezeka hata kilo moja.

Aidha, mwaka 2002 wataalamu wa Shirika hilo walikutana Singapore kwa sababu Waasia wengi walionekana kupata kisukari wakiwa chini ya 25. Ripoti yao ya mwaka 2004 haikubadili mipaka ya kimataifa, lakini iliongeza viwango vya tahadhari vya 23 na 27.5.

Maana yake kwa Afrika Mashariki

Bara la Afrika halikupata viwango vya namna hiyo kutoka kwa Shirika hilo. Hata hivyo, mwongozo wa tiba wa NICE nchini Uingereza unaelekeza kuwa watu wenye asili ya Afrika waanze kuangaliwa kuanzia 23. Hivyo basi, Mkenya mwenye 24 anahesabiwa kuwa hatarini akiwa London, lakini akipimwa Nairobi kwa mipaka ya kimataifa, huyohuyo anahesabiwa kuwa salama.

Mpaka wa chini nao una utata wake. Jamii za Waniloti, kama vile Wadinka wa Sudan Kusini na Waturkana wa Kenya, zina watu wengi wenye miguu mirefu ikilinganishwa na kiwiliwili. Umbo hilo hushusha uwiano hata pale ambapo lishe ni nzuri. Anayegawa chakula cha msaada kwa kutegemea 18.5 pekee anaweza kulihesabu umbo kuwa njaa.

Hitimisho

Historia hii haikibatilishi kipimo. Katika tafiti za kitaifa za afya, ambako maelfu ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 hupimwa, uwiano huu unatumika mahali pake: ni rahisi, ni nafuu na unaonesha mwelekeo wa umma. Tatizo huanza pale namba hiyo pekee inapoamua nani apewe rufaa, nani apimwe sukari na nani arudishwe nyumbani. Mwaka 2025, jopo la wataalamu lililoundwa na jarida la Lancet Diabetes & Endocrinology lilipendekeza unene uliokithiri usibainishwe kwa BMI peke yake, bali pia kwa vipimo kama mzunguko wa kiuno na dalili za madhara mwilini. Futi kamba ya kupimia kiuno haina gharama kubwa. Wizara za afya za ukanda huu zinaweza kuiingiza katika miongozo yake sasa, huku zikigharimia tafiti za kupata viwango vinavyotokana na miili ya watu wake.