Gino Colombini: Mwitaliano aliyepewa tuzo kwa kubuni ndoo

Mwaka 1955 nchini Italia, ndoo ya plastiki yenye mfuniko ilipewa tuzo ya Compasso d'Oro, yaani bikari ya dhahabu, inayotolewa kwa ubunifu wa bidhaa. Ndiyo msikilizaji, ndoo! Aliyeibuni ni Gino Colombini, na leo tunaeleza kazi yake.

Colombini alizaliwa Milan mwaka 1915. Alijifunza kazi katika ofisi ya msanifu majengo Franco Albini, kisha akaongoza idara ya ufundi ya Kartell, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1949 na mhandisi wa kemia Giulio Castelli.

Wakati huo ndoo nyingi zilikuwa za bati. Zilikuwa nzito, zenye kelele na za kushika kutu. Plastiki ilikuwepo, lakini wengi waliidharau na kuiona kitu cha kuigizia vyombo vya thamani. Colombini hakuigiza. Aliuliza plastiki yenyewe inaweza kufanya nini.

Jibu liko katika namna inavyotengenezwa. Punje za plastiki huyeyushwa kwa joto, husukumwa kwa nguvu ndani ya kalibu ya chuma, kisha huachwa zipoe. Kalibu ni ghali, na ikishachongwa kosa halirekebishwi kirahisi. Kwa hiyo mbunifu hufikiri kila kitu mapema. Mdomo huwa mpana kuliko kitako ili ndoo itoke kwenye kalibu. Ukingo huimarishwa ili ubavu mwembamba usipinde. Pale mpini unaposhikia panapaswa kuhimili mzigo wote.

Hapo ndipo kazi yake inapomgusa kila anayebeba maji. Lita 20 za maji zina uzito wa kilo 20 kabla hujahesabu chombo. Ndoo ikiwa nyepesi, nafuu ni ya kichwa na mkono wa mbebaji.

Colombini alibuni pia kikamulio cha limau, beseni, chujio, na kizoleo cha taka chenye mpini mrefu ili anayefagia asiiname. Alipata tuzo ileile zaidi ya mara moja, na baadhi ya vyombo vyake vimehifadhiwa katika jumba la makumbusho la sanaa za kisasa, New York. Vyombo vya jikoni na uani vikawekwa nyumba moja na picha za wachoraji mashuhuri.

Hatusemi ndoo yako ilitoka kwake, ila kanuni ni zilezile. Ukienda dukani, bonyeza ukingo uone kama unalegea, kisha kagua pale mpini unaposhikia, maana mara nyingi hapo ndipo panapopasuka kwanza. Nyumbani usiiache juani kutwa, kwa kuwa jua huidhoofisha plastiki ikawa rahisi kuvunjika.