Kung'atuka si kujiuzulu, jamani

Najua nimepotea sana humu. Nilikuwa kwenye mazoezi ya kufundisha, na bahati nzuri nikapangiwa nyumbani kabisa Musoma, shule iliyo jirani na kwetu Nyasho. Juzi ndo nimerudi hosteli, ila swali la kidato cha nne bado linanizunguka kichwani.

Historia tunafundisha kwa Kiingereza, si mnajua. Basi bwana, nikaandika ubaoni kwamba mwaka 1985 Nyerere "relinquished" urais. Kimyaa. Nikatafsiri harakaharaka: aliachia madaraka. Binti mmoja wa nyuma akanyoosha mkono: "Madam, aliachia au aliachishwa?"

Darasa likacheka. Mimi sikucheka, maana kitenzi chenyewe hakina jibu. Asili yake ni Kilatini, kuacha kitu nyuma, na Mwingereza anamtumia hichohicho aliyeacha kwa hiari na aliyebanwa mpaka akaacha.

Aibu yangu ni kwamba jibu lilikuwa la hukuhuku Mara. Kung'atuka ni neno la Kizanaki, lugha ya kwao Mwalimu kule Butiama, na yeye ndiye aliyeliingiza kwenye Kiswahili cha nchi nzima. Jioni nikamwendea mzee mmoja Mzanaki, jirani yetu. Nikamwamkia, nikamuuliza.

"Mjukuu wangu, anayeng'atuka hafukuzwi," akasema. "Rika lake limemaliza zamu, linalikabidhi rika linalofuata. Yeye anakaa pembeni, akiulizwa anashauri."

Kesho yake nikaweka miaka mitatu ubaoni. Januari 1962, wiki sita tu baada ya uhuru, Nyerere aliacha uwaziri mkuu akamwachia Rashidi Kawawa ili aende kukijenga chama cha TANU. Kwa hiari, ndiyo, lakini Desemba mwaka huohuo akarudi akiwa Rais. Huko nakuita kujiuzulu. Januari 1984, Aboud Jumbe aliacha urais wa Zanzibar na umakamu wa Rais wa Muungano baada ya kubanwa kwenye kikao cha CCM Dodoma. Kwenye karatasi alijiuzulu, lakini kila mtu anajua kilichotokea. Halafu 5 Novemba 1985, Mwalimu akamkabidhi Ali Hassan Mwinyi. Kwa Kiingereza zote tatu unaweza kuzibandika "relinquish" na hakuna atakayekukosoa.

Nikajiona nimemaliza kazi. Yule binti tena: "Lakini Madam, si alibaki mwenyekiti wa chama mpaka 1990?"

Hapo alinipata. Miaka ile chama kilikuwa kimoja na ndicho kilichoshika hatamu, serikali ilikuwa chini yake. Mzee wa pembeni anashauri, mwenyekiti wa chama kama kile anaelekeza. Kwa kipimo cha jirani yangu, naona Mwalimu aling'atuka nusu mwaka 1985, na nusu nyingine ikasubiri mpaka 1990. Hapa najua wengine mtanirukia, karibuni tu. Nampenda Mwalimu kama nyie, na ni viongozi wangapi wa enzi zake waliotoa hata hiyo nusu?

Wiki ya mwisho nikasahihisha madaftari. Binti wangu kaandika: "Nyerere ng'atukad in 1985 and 1990."

Nikampa vema. Msimamizi wangu hajaliona hilo daftari, na nyie msimwambie.