41 Yetu Ilichelewa Kufika

Wasee, leo tunaingia hesabu kidogo. Chukua simu, tafuta anwani yako ya IP, ile ambayo intaneti inaiona. Hapa Chaka yangu mara nyingi huanza na 41. Wengine wenu mtaona 102, 105, 196 au 197.

Sasa igeuze iwe sifuri na moja. Andika 128, 64, 32, 16, 8, 4, 2, 1. Kwenye 41 toa 32, inabaki 9. Toa 8, inabaki 1. Toa 1, kwisha. Ulipotoa weka moja, kwingine sifuri: 00101001. Chuoni wanakufundisha hiyo upite mtihani, basi. Utamu wote wanauruka.

Tazama ile sifuri ya mwanzo. Kwa utaratibu wa 1981, sifuri mbele ilimaanisha fungu kubwa kabisa: tarakimu nane za kwanza zinataja mtandao, 24 zinazobaki mwenyewe anagawa apendavyo. Hizo ni anwani 16,777,216 kwa mwenye fungu mmoja! Fungu la 18 lilienda chuo cha MIT, la 19 likaenda Ford. Ndiyo, Ford wa magari. Si kwamba waliiba, waliomba mapema tu. Lakini tarakimu zote ni 32, kwa hivyo dunia nzima ina anwani 4,294,967,296, hakuna za kuongeza.

Sisi Afrika tulikuwa tukiomba kwa ofisi za nje ya bara mpaka Aprili 2005, AFRINIC ya Morisi ilipotambuliwa rasmi na kukabidhiwa 41. Tarehe 3 Februari 2011 mafungu matano ya mwisho yakagawanywa, moja kwa kila eneo la dunia. Letu ni 102.

Uhaba huo ndio unafanya simu kibao zirundikwe nyuma ya anwani moja. Mwezi jana tovuti fulani ilinifungia nje kwa makosa ya mtu nisiyemjua, ati kwa sababu tunatumia anwani moja. Sasa hapo unamlaumu nani? Halafu kuna wale huniambia hesabu haina siasa.

Tangu Januari 2020, kampuni ya mtandao ya Afrika ikiomba anwani hizi AFRINIC, haipewi zaidi ya 1,024 kwa ombi moja. Ukizigeuza, hizo ni tarakimu kumi za mwisho za kugawa. Ford walipewa 24.