Kupiku, si kubatilisha

Simula 67, lugha ya kompyuta iliyobuniwa Oslo na Ole-Johan Dahl na Kristen Nygaard, iliruhusu klasi moja izaliwe kutokana na nyingine, irithi taratibu zake, na hata kuuandika upya utaratibu fulani. Kitendo hicho cha mwisho kukiita kubatilisha ni kukosea. Kilichobatilishwa, iwe ndoa au mkataba, hakina nguvu tena kwa yeyote. Tazama programu ya benki iliyoandikwa kwa Java: klasi Akaunti ina utaratibu kokotoaRiba unaorudisha sifuri, AkauntiYaAkiba inaurithi, kisha inauandika kivyake, asilimia 4 ya salio. Akaunti ya kawaida ikiulizwa riba bado itajibu sifuri. Tena mtoto mwenyewe, kwa neno super, anaweza kuuita utaratibu wa mzazi. Umeshindwa mahali pamoja tu, basi. Ndiyo maana napendelea kupiku, neno la wacheza karata: karata kubwa ikiipiku ndogo, ile ndogo haichanwi. Wapo watakaoliona la kijiweni mno, lakini turufu nayo ilitoka huko huko na leo haibanduki katika habari za siasa.

Pingamizi zito zaidi linahusu kurithi kwenyewe: mirathi hugawanywa mwenye mali akishafariki, na hapa mzazi yu hai. Ni kweli, ila twasema pia mtoto amerithi sauti ya mamake, na mama bado anaimba. Kwa maana hiyo neno lafaa, ingawa si kikamilifu: utaratibu wa mzazi ukirekebishwa leo, watoto wote wasioupiku hubadilika nao, jambo ambalo damu haifanyi.